Simu ya tundu moja, laini mbili: adapta, eSIM au kabambe (simu ndogo ya vibonye) ya pembeni?

Khalati yangu auza madera na leso Kongowea, Mombasa. Simu yake ni zawadi ya mwanawe aliyeko Muscat: kioo kipana, kamera safi ya kupigia picha mitindo mipya, chaji inayokaa kutwa. Ina kasoro moja tu, nayo ni tundu moja la laini. Naye ana laini mbili asizoweza kuacha hata moja. Ya Safaricom ndiyo yenye M-Pesa, na ndiyo nambari wateja waliyoizoea miaka yote. Ya Airtel ndiyo anayonunulia bando, na ndiyo anayowapigia mafundi wake wa cherehani huko Kisauni, maana mazungumzo ya shingo na mikono ya dera moja yaweza kula robo saa.

"Mwanangu," aliniambia, "simu moja yanitosha. Laini moja ndiyo hainitoshi. Nifanyeje?"

Tumelihangaikia swali hilo karibu mwaka mzima, kwa kujaribu, kupoteza na kujaribu tena. Njia zipo nyingi kuliko nilivyodhani, lakini dukani utauziwa iliyomo kabatini, iwe yakufaa au haikufai. Kwa hivyo naziweka hapa ubavu kwa ubavu, kwa yeyote aliye na simu anayoipenda na laini moja ya ziada mkobani.

Laini ya pesa na laini ya maongezi

Wengi wetu tulianza kubeba laini mbili wakati wa vita vya bei vya 2010, Zain (ndiyo Airtel ya leo) ilipoteremsha gharama ya kupiga simu hadi shilingi 3 kwa dakika na wengine wakalazimika kuifuata. Aprili 2011 Kenya ikaruhusu mtu ahame mtandao huku akibaki na nambari yake, na ungedhani laini ya pili ingekufa hapo. Haikufa. Ukihama Safaricom na nambari yako, M-Pesa haikufuati. Basi watu wakaiacha laini ya pesa pale pale, wakatafuta nyingine ya maongezi na intaneti.

Tofauti hiyo ndiyo ninayoitaka uishike kabla hujanunua chochote. Laini ya pesa ni ya kupokea: ujumbe wa malipo, nambari ya siri ya benki, simu ya mwalimu wa mtoto, mteja wa zamani. Hujui saa itakayoita, kwa hivyo haifai kulala. Laini ya maongezi ni yako wewe kuitumia: unaiamsha ukiitaka, unaiacha ukimaliza. Ikilala saa tatu, hakuna aliyedhurika.

Ziko simu za laini mbili ambazo zote huita, kwa sababu zimeundwa kusikiliza mitandao miwili kwa pamoja zikiwa zimetulia. Simu ya tundu moja, ukiacha zile zenye eSIM nitakazozieleza mbele, haikuundwa hivyo. Inasoma kadi moja tu. Chochote utakachopachika kwenye tundu lile, laini moja itakuwa macho na nyingine imelala, na anayeipigia iliyolala ataambiwa mteja hapatikani kwa sasa. Hata muuzaji aape mbele ya msikiti, haibadiliki.

Adapta ya utepe

Hii ndiyo ya bei rahisi na ndiyo tuliyoianza. Ni kijikadi chenye umbo la laini, kilichoungwa kwa utepe mwembamba na kishikizo cha laini mbili. Kijikadi kinaingia tunduni, utepe unatoka nje na kulazwa mgongoni mwa simu, halafu kava linaufunika. Zamani, enzi za Nokia za betri ya kutoa, fundi alikuwa akizikata laini zenyewe kwa mkasi, zibaki chipu tu, akazipanga mbili kwenye kishikizo kimoja na kuzificha chini ya betri. Aliyekatiwa vibaya alirudi dukani na kitambulisho kuomba laini nyingine.

Kuhama kutoka laini moja hadi nyingine hufanyika kwa njia mbili. Adapta nyingine hubadilisha kila unapozima na kuwasha simu. Nyingine huongeza menyu yake pale ilipo menyu ya laini, ukachague ya kwanza au ya pili. Hapo ndipo M-Pesa inapoanza kusumbua, kwa sababu menyu ya M-Pesa nayo hukaa pahali hapo hapo. Kwa khalati ilitoweka kabisa, tukawa tunaingia kwa kupiga *334#. Hilo lilifanya kazi.

Lililotushinda ni jingine. Siku moja kabla ya Idi mteja alichagua madera sita, akalipa, akaonyesha simu yake: "Nimeshatuma, mama." Simu ya khalati ilikuwa kwenye laini ya Airtel. Ujumbe wa kuthibitisha haungeweza kufika mpaka laini ya Safaricom iamke. Akazima simu, akawasha, akangoja mtandao, na nyuma ya mteja yule wamesimama watu wanne na watoto wao. Pesa zilikuwa zimeingia kweli, lakini yeye hakuwa na njia ya kujua, na sote twajua jinsi matapeli wanavyotengeneza ujumbe wa uongo wa malipo. Mfanyabiashara asiyeweza kuthibitisha malipo papo hapo hana pa kujikinga.

Kuna na suala la usalama, na hili Kenya imewahi kulibishania hadharani. Mwaka 2014, benki ya Equity ilipojiandaa kuingia kwenye biashara ya simu kwa Equitel, ilitaka kutumia laini nyembamba kama karatasi, inayobandikwa juu ya laini uliyo nayo ili simu ya tundu moja ibebe mbili. Safaricom ikapinga, ikisema kitu kinachokaa kati ya laini na simu chaweza kuhatarisha M-Pesa. Mamlaka ya Mawasiliano ikairuhusu kwa majaribio ya mwaka mmoja. Mimi sidai kwamba adapta ya kibandani inaiba nambari za siri. Nasema kwamba laini nyembamba ya benki ilikuwa na mwenyewe anayejulikana, ikasimamishwa mbele ya mdhibiti na kuhojiwa. Adapta niliyoinunua haikuwa hata na jina la aliyeitengeneza. Laini yenye akiba yangu siwezi kuipitishia humo.

Halafu kuna hewa yetu. Trei ya simu nyingi za sasa hujifunga kikiki ili maji na vumbi visiingie, na utepe ukipita hapo huacha mwanya. Mombasa ni chumvi na jasho mwaka mzima, na vile vibati vya dhahabu vya laini havipendi chumvi. Baada ya miezi miwili simu ya khalati ilianza kusema hakuna laini, ukaipapasa mgongoni ikakubali. Tulipoutoa utepe mara ya tatu ili tuusafishe, ulinasa kipini cha ndani ya tundu na kukivuta. Simu ikakataa laini zote. Fundi mmoja wa Mwembe Tayari aliirudisha kwa kubadilisha kisomeo, na siku ile khalati alinitazama kwa jicho ambalo sitalisahau.

Je, adapta haina mtu inayemfaa? Anaye. Ni msafiri. Ukivuka Lungalunga kwenda Tanga kununua bidhaa, laini ya Kenya yakufaa huku na ya Tanzania yakufaa kule. Hakuna saa unayozitaka zote mbili macho. Unazima simu mpakani, unawasha ukiwa upande wa pili, basi. Ni bora hivyo kuliko kubeba kijilaini kwenye karatasi ya pipi na kukiangusha kwenye sakafu ya basi. Baharia anayeshuka bandari hii na ile naye ni hivyo hivyo. Ila chagua inayobadilisha kwa menyu, na uipime na intaneti ya 4G kabla hujatoa pesa, maana nyingine zilitengenezwa zamani na haziiwezi.

Adapta ya Bluetooth

Hii ni kijisanduku kidogo, chenye betri yake, kinachobeba laini ya pili na kuzungumza na simu yako kupitia Bluetooth na programu maalumu. Uzuri wake ni kwamba laini zote mbili ziko macho, kwa sababu kijisanduku kile kina redio yake. Kwa ufupi ni simu ya pili isiyo na kioo. Nami ndio nauliza: ikiwa nitabeba kitu cha pili mfukoni, kitu kinachotaka chaji kila siku na programu ambayo huenda mwakani isikubaliane na simu yangu, kwa nini kisiwe simu kamili? Sikuinunua na simshauri mtu.

eSIM, na wale wasiojua kwamba wanayo

Hapa ndipo watu wengi wa mji huu wanapoteza pesa bure. eSIM ni laini isiyo na kadi: chipu imo ndani ya simu tangu kiwandani, na mtandao unakuandikia nambari yako humo, mara nyingi kwa kuipiga picha alama ya QR. Safaricom na Airtel zote zinaitoa.

Mwenye iPhone XR au 11 huiona trei ina nafasi moja akajiambia ana simu ya laini moja. Sivyo. Kuanzia XS na XR za mwaka 2018, iPhone zina eSIM pamoja na ile kadi, isipokuwa nyingi za zile zilizotengenezewa soko la China bara na baadhi ya zile za Hong Kong na Macau. Laini zote mbili huwa macho. Nimemkuta kijana Nyali amefunga adapta ya utepe kwenye iPhone 11. Alikuwa amenunua alichokuwa nacho tayari, tena kibovu zaidi. iPhone X, 8 na zilizotangulia hazina. Upande wa Android, Pixel na Samsung za daraja la juu za miaka ya karibuni nyingi zinayo, za bei nafuu nyingi hazina.

Usibahatishe. Piga *#06#. Kila simu itakuonyesha IMEI yake, yaani nambari ya utambulisho wa simu, ya tarakimu 15. Zikitokea IMEI mbili, simu yako yaelekea imeundwa kwa laini mbili, na huenda tundu la pili ndilo lile unaloweka kadi ya kumbukumbu, au laini ya pili ni eSIM. Likitokea neno EID na tarakimu 32 mbele yake, una eSIM. Ni jambo la nusu dakika, na laweza kukumalizia makala hii hapa hapa.

Tahadhari ni kwa iPhone za mtumba kutoka Marekani. Iliyofungwa kwa mtandao wa kule haitaikubali eSIM ya hapa. Tazama kwenye mipangilio, sehemu ya kuhusu simu, kama kuna kizuizi cha mtandao, na utazame kabla hujalipa. Na iPhone 14 na zilizofuata, zile za soko la Marekani, hazina trei kabisa. Kwa hizo laini zote mbili sharti ziwe eSIM.

Ukiwa na simu inayokubali kadi moja na eSIM moja, ipi iwe ipi? Mimi laini ya pesa naiacha kwenye kadi. Simu ikidondoka majini pale feri ya Likoni au ikizimika tu, kadi naitoa na kuiweka kwenye simu ya ndugu yangu, nikatoa pesa jioni ile ile. eSIM imo ndani ya simu iliyokufa, na kuirudisha yataka kwenda dukani na kitambulisho, pengine siku ya Jumapili. Watu husema kadi ni hatari kwa sababu mwizi ataihamisha naye. Kweli, na dawa yake ni kuiwekea laini yenyewe nambari ya siri kwenye mipangilio ya usalama. Akiihamishia kwingine itamwuliza, na akikosea mara tatu itajifunga.

Kupitisha simu: msaada usiohitaji kifaa

Hii haikupi laini mbili, lakini inaziba tundu kubwa la adapta. Ukiwa na laini ya pesa macho, piga *62* kisha nambari ya laini yako nyingine kisha #, halafu bonyeza kitufe cha kupiga. Tangu hapo, laini ya pesa ikiwa haipatikani, anayeipigia anapelekwa kwenye ile iliyo macho. *21* hufanya hivyo wakati wote, iwe inapatikana au la. Kufuta ni ##62# au ##21#. Misimbo hii ni ya mfumo wa GSM wenyewe, si ya simu fulani, ingawa mtandao waweza kuiwekea masharti.

Anayelipia safari ile ya pili ni wewe uliyeipitisha, kutoka kwenye salio la laini iliyolala. Iache bila salio na simu hazitapita. Usiipitishe kuvuka mpaka, utalipa kama unayepiga nje. Na muhimu zaidi, zinazopita ni sauti tu. Ujumbe wa M-Pesa haupiti, nambari ya siri ya benki haipiti. Khalati aliponisikia nikieleza alikatiza: "Basi zapita za umbea, pesa hazipiti." Naam, ndivyo.

Kabambe ya pembeni

Simu ndogo ya vibonye, ile ya tochi, tunayoiita kabambe au mulika mwizi, hupatikana kwa shilingi kati ya 1,000 na 2,000 hivi, na nyingi zina matundu mawili ya laini. Betri yake hukaa siku kadhaa. Ikiangushwa inaokotwa. Mwizi wa matatu akiiona anaangalia kwingine.

Weka laini ya pesa humo. Haihitaji kioo kikubwa: ujumbe unasomeka, *334# inafanya kazi, menyu ya M-Pesa ipo kama ilivyozaliwa, na hakuna programu ya ajabu iliyopakuliwa usiku na mtoto inayoweza kuchungulia nambari yako. Laini ya maongezi na bando ibaki kwenye simu janja. Zote mbili zaita, zote mbili zapokea, hata kwa pamoja. Simu janja ikiishiwa na chaji saa kumi jioni, duka halifungi.

Nayo ina hasara zake. Utabeba vitu viwili, na mwenye kuvaa kanzu au buibui lisilo na mfuko ataona uzito wake. Programu ya M-Pesa hutarajia kuikuta laini ya Safaricom ndani ya simu ile ile, kwa hivyo laini ikiwa kwenye kabambe usitarajie programu ikutumikie vizuri kwenye simu janja. Utabaki na *334#. Na kama laini yako ni ya Faiba, kabambe haikufai: mtandao ule ulianza na 4G Desemba 2017 na hauna 2G ambayo simu hizi ndogo hutegemea. Faiba iache kwenye simu janja.

Kuuza na kununua nyingine

Ukiwa mbioni kubadilisha simu hata hivyo, nunua ya laini mbili na uyasahau yote haya. Ila tazama trei yake. Nyingi tundu la pili ni la kuchagua, laini au kadi ya kumbukumbu, na mwenye picha nyingi atajikuta anachagua kati ya biashara na harusi ya dada yake.

Kama ni WhatsApp tu

Wengi wanaoniuliza, nikiwachimba, naona laini ya pili wanaitaka kwa WhatsApp ya biashara tu. Hao hawahitaji chochote katika hivi. Laini inahitajika siku ya kujisajili, kupokea nambari ya kuthibitisha. Baada ya hapo irudi mkobani. Unaweza kuweka WhatsApp ya kawaida na WhatsApp Business pamoja kwenye simu moja, na kwenye Android tangu mwishoni mwa 2023 hata akaunti mbili ndani ya programu moja. Sharti ni mawili: weka ile nambari ya siri ya hatua ya pili, na laini yenyewe uitie salio na kupiga simu mara kwa mara. Laini iliyoachwa miezi mingi bila kutumika hufungwa na kupewa mtu mwingine, naye akijisajili WhatsApp kwa nambari ile, wateja wako watakuwa wanamwandikia yeye.

Khalati simu yake haikuwa na EID, tulipiga *#06# mara mbili kuhakikisha. Adapta tumempa shemeji aendaye Tanga kila wiki mbili, naye anaisifu. Yeye mwenyewe sasa ana kabambe nyekundu iliyofungwa kamba ya leso na kutundikwa shingoni, ndani yake Safaricom, na tundu lake la pili tumeliacha wazi. Simu ya Muscat iko mezani na Airtel yake, yapiga picha madera. Juzi nilimkuta yuaongea na fundi wa Kisauni kwa simu hii huku mkono mwingine wasoma malipo kwenye ile. Aliniashiria nikae, hakukata simu.